Punje Tatu za Jua

Sepuka. Jumatano, 2 Novemba 1955

Nimechelewa mkutano kwa sababu ya shati. Makaa ya pasi yalizimika, nami siwezi kukaa karibu na Selina nikiwa na mikunjo. Yule Mzungu anayegonga miamba yetu kwa nyundo alikuwa anamalizia kueleza jinsi dunia ilivyoanza. Mkalimani wake, Mwalimu Nathanaeli. Jirani yangu. Anajipenda kupita kiasi.

Nikaambulia mkia. Kwamba mwanzoni palikuwa na wingu la vumbi tu. Likazunguka, likajikusanya, katikati pakawaka moto: jua. Masalia yakawa dunia na ndugu zake. Dunia ilitokota kama uji, ikapoa, ikafanya utando, ndio huu tunaoulima. Na mwishoni jua litavimba, litakuwa jekundu, litaimeza dunia.

Mkekani palikuwa na mafungu mawili ya punje za mtama. Moja ni muda uliopita. Lingine ni muda uliolibakia jua. Nikahesabu la pili. Tatu!

Sikuhitaji kuuliza. Mama akingoja siku ya mnada huweka punje kwenye kibuyu, moja kwa kila siku, na kila asubuhi hutoa moja. Siku tatu! Na watu walikuwa wanapiga makofi, wajinga! Kumuuliza Nathanaeli? Afadhali nimezwe.

Alhamisi, 3 Novemba

Sikulala. Naogopa.

Nimelipima jua kwa senti kumi. Asubuhi nililitazama kupitia tundu la katikati ya senti, likabaki na nafasi pembeni. Adhuhuri likajaza tundu lote! Mama akasema asubuhi nilishika senti karibu na pua na mchana nimenyoosha mkono wote. Mama hajui sayansi.

Halafu nyumba yangu. Ya bati! Ya kwanza upande huu wote. Niliijenga kwa sababu Mzee Melkiori alitamka kwamba bintiye Selina haolewi chini ya paa la udongo. Leo bati linalia ta, ta, ta kwa joto. Nitaiva humu kama kiazi.

Nathanaeli anakaa kwenye tembe la marehemu babu yake. Kuta nene, udongo mzito juu, sakafu imechimbwa chini hadi magotini. Baridi hata mchana.

Nimepata wazo. Ni wazo zuri sana.

Ijumaa, 4 Novemba

Tumebadilishana nyumba! Nilimwambia Nathanaeli kwamba mwalimu hapaswi kukaa kwenye udongo. Akaniuliza mara tatu kama ninaumwa. Nilimchinja mbuzi wangu mbele ya wazee, tukala wote. Mbuzi akishaliwa, hakuna kurudi nyuma. Nathanaeli alinishika mkono, machozi yakimlengalenga. Nilikaribia kumhurumia. Kesho ataiva yeye.

Mzee Melkiori alikula paja, akilitazama bati.

Jioni nikamfuata Selina kisimani, nikamsihi kesho aje kujificha kwangu, maana baada ya hapo tutabaki sisi wawili tu duniani. Akajibu kwamba tembe lile lina papasi. Nikamwambia papasi ni afadhali kuliko jua. Akajitwika mtungi akaenda zake.

Jumamosi, 5 Novemba

Punje ya tatu. Nimejifungia tangu alfajiri na mtungi wa maji na mlenda mkavu. Nimeziba dirisha kwa ngozi. Papasi wameniuma sehemu kumi na nne. Ee Mungu, mimi bado kijana!

Saa sita. Nasikia mlio mkubwa. Ndiyo hilo!

Ni Mama, anagonga mlango. Anauliza kama nitakula ugali.

Saa kumi na mbili. Jua limezama kama kawaida. Labda Mzungu alikosea kwa siku moja. Sifungui.

Jumapili, 13 Novemba

Nimetoka. Homa ya papasi ilinishika siku tano. Nimeenda kanisani nikitembelea fimbo, nikamkuta mchungaji anatangaza ndoa. Nathanaeli na Selina! Mzee Melkiori kaketi mbele, kifua mbele. Binti anaingia nyumba ya bati. Bati langu! Nimelia, nikasingizia homa.

Nathanaeli alinisindikiza nyumbani. Nikavunja kiburi, nikauliza kulikoni jua halijavimba. Akanikodolea macho. Kumbe kila punje ni miaka milioni mia moja. Na fungu la pili lilikuwa na punje hamsini. Kuku wa Mzee Melkiori alidonoa arobaini na saba kabla sijafika, ndiyo maana watu walimpigia makofi.

Kuku! Nimempoteza Selina kwa sababu ya kuku. Inaniuma kuliko papasi.

Ili kunituliza, Nathanaeli akaeleza yale niliyoyakosa. Kwamba dunia haijapoa yote. Ule uji wa moto wa mwanzo bado upo huko chini, unatokota chini ya utando.

Hakusema ni chini kiasi gani. Sikumuuliza.

Nimeweka kiganja sakafuni. Pana uvuguvugu! Na mimi, kwa hiari yangu, nimekuja kukaa kwenye nyumba iliyochimbwa hadi magotini kuufuata moto!

Mzee Melkiori ana dungu shambani la kuwingia ndege. Limenyanyuka futi kumi kutoka ardhini. Nimebakiwa na mbuzi mmoja. Kesho mapema nitampelekea, tubadilishane kwa tembe, kabla Nathanaeli hajashtuka akaliwahi yeye.