Dau la Kufuli Tatu

Mvuke ndio uliomwita Mafuta. Ulikuwa unafuka nyuma ya duka la dobi, mweupe, mwingi, ukitoka mahali pasipostahili kutoka mvuke. Akazima pikipiki na kushukuru. Boila inayovuja ni mali, ukiiwahi kabla ya fundi wa kweli.

Watu walimwita Mafuta kwa sababu maneno yake yaliteleza. Kazi yake ilikuwa kukata tyubu kuukuu za malori, kuzipaka rangi nyekundu na kuziuza kama mpira wa kuzibia usioogopa moto. Zilidumu siku moja, zikijitahidi. Ndiyo maana aliipenda pikipiki yake kuliko ndugu zake. Saa hizo mwoka mikate wa mtaa wa juu, mteja wake wa jana, lazima alikuwa ameshafungua tanuri na kukuta uji mwekundu mlangoni. Mafuta alitakiwa awe mji mwingine kabla ya adhuhuri. Lakini tamaa, jamani, haiangalii saa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitika mwenye duka, mama mnene, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nyuma yake wapiga pasi wawili walikuwa kazini.

"Boila yako inalia, mama. Mpira umelegea. Kila kitu duniani kikipata moto hurefuka: chuma, waya, hata mipira ya wenzangu. Huu wangu tu ndio una nyuzi za kioo ndani." Hamkuwa na uzi wala kioo, ila alilisema kama mtu aliyelisomea.

"Hata mpira hurefuka?" mama akauliza, macho yamemtoka. "Mbona mimi nilisikia hufupika?"

Mafuta akacheka kwa huruma. "Nani alikudanganya, mama yangu?"

"Basi tujaribu." Mama akaning'iniza ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli msumarini, akafunga kufuli tatu chini yake. Mpira ukavutika mara mbili ya urefu wake. Akachora mstari wa chaki ukutani, usawa wa kufuli. "Nikisogeza pasi ya moto, zitashuka?"

"Zitashuka. Hiyo ni sayansi."

"Zikishuka, nanunua mzigo wako wote, na wa mwezi ujao. Zikipanda je?"

"Zikipanda, chukua pikipiki," Mafuta akasema, akaweka ufunguo mezani mwenyewe, bila kushurutishwa. Wahenga wangemkanya, lakini hawakuwepo. Walikuwepo wapiga pasi, nao walishaacha kazi ili washuhudie.

Mama akasogeza pasi karibu na mpira. Kufuli zikatikisika, zikaanza kupanda. Polepole, kwa uvivu, mpaka vidole viwili juu ya chaki.

Mafuta akapapasa nyuma ya mpira akitafuta kamba. Hakuna. "Rudia," akasema. Mpira ulipopoa kufuli zikashuka. Pasi iliporudi zikapanda tena.

"Mpira uliovutwa ukiupasha moto, hufupika," mama akasema, upole wote umemtoka sautini. "Miaka kumi na minane nilikuwa mpimaji kiwanda cha matairi. Kazi yetu kuivuta mipira, kuichoma, kuigandisha. Kila mgeni siku ya kwanza tulimwekea dau hili, tukala chakula chake cha mchana."

Mafuta akaunyoshea mkono ufunguo. "Mama, mimi mwanao. Bila pikipiki nimekwisha."

"Najua, ndiyo maana niliitaka." Akatia ufunguo mfukoni. "Yule mwoka mikate ni mdogo wangu, tumbo moja. Amenieleza asubuhi: mwanamume mwenye maneno matamu, pikipiki na mipira myekundu. Hii itamnunulia mlango mpya wa tanuri."

"Na yeye... yuko wapi sasa?"

"Nilimpigia simu ulipokuwa unaegesha. Anakuja kwa miguu." Mama akarudisha pasi mahali pake. "Ila huyo tangu utotoni hajui kutembea. Anakimbia."

Mafuta akaacha mzigo pale pale akatoka nduki. Wapiga pasi wakasogea dirishani, na wote wawili wakataka kuweka dau kwa mwoka mikate, kwa hiyo dau likashindikana.