Pasi ya Bure

Jumatatu, 4 Machi
Pasi imekufa. Imetoa cheche, ikanuka, kimya! Ijumaa mke wangu ana mahojiano ya kazi, na blauzi yake ina makunyanzi kama shingo ya kobe. Amenipa pesa ninunue pasi mpya. Kununua? Mimi? Juzi shemeji, kaka yake, alijitapa kwamba birika lake la umeme lilimletea pointi dukani, zile za kubadilisha kwa zawadi. Au alisema pointi zilimletea birika? Yote mamoja. Kama yule ameweza, mimi nani?

Jumanne, 5 Machi
Bahati iliyoje! Wiki hii chakula cha mbwa kina pointi mara tatu. Pesa zote za pasi nimezimalizia hapo, pointi zikaingia kwenye kadi yangu ya duka. Keshia aliuliza nina mbwa wangapi. Nikamwambia sina. Akanitazama kwa huruma. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu, akifagia, ameyakuta makopo chini ya kitanda. Akauliza mbwa yuko wapi. Nikamwambia asubiri aone, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akajibu kwamba ameshainama, na alichokiona huko ni upumbavu wangu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda kuchukua pasi yangu, kifua mbele. Keshia akabonyeza mashine, akasema pointi zangu zinatosha kiberiti. Kimoja! Nikauliza, je, na mfuko? Mfuko unalipiwa.

Nikapita kwa shemeji anipe siri yake. Alicheka hadi akakaa chini. Birika alilinunua kwa pesa zake. Cha bure kilikuwa pointi.

Jioni nikajaribu kunyoosha blauzi kwa sufuria yenye maji ya moto. Sikuangalia masizi chini yake. Mke wangu hakunigombeza. Aliishika tu ile blauzi, akaiweka kwenye ndoo. Nimeona aibu, kweli.

Ijumaa, 8 Machi
Amekwenda na blauzi ya kuazima kwa wifi yake, mke wa shemeji. Kazi ameipata! Nimefurahi mpaka nikaruka. Amerudi, akachukua mkasi, akaikata kadi yangu vipande vipande. Akasema sasa nyumba hii itapumua.

Nimekubali kwa unyenyekevu. Hajui kwamba anayejiandikisha upya hupewa pointi za kumkaribisha. Kesho najiandikisha tena, kwa jina la mbwa wangu.

Asubuhi natafuta mbwa.