Kichwa Kishuke

Jumatatu, 3 Juni
Bega bado. Kuvaa shati ni safari nzima. Mkono wa kulia unafika kidevuni, halafu unagoma. Kinyozi asiyefika utosini ni kinyozi gani? Daktari amesema nipumzike, nisiguse vyuma. Mke wangu ameuliza tena nani alinituma kunyanyua vyuma na umri huu. Nimejifanya natafuta kifungo cha shati. Aliyenituma ni Kifua, kinyozi wa kiti cha pili. Wateja wanapenda anavyojaza shati. Nikataka na mimi nijaze langu. Haya sasa!

Jumanne, 4 Juni
Usingizi sina. Keshokutwa ni siku ya Mwalimu mstaafu, mteja wangu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akihamia kwa Kifua, nimekwisha, maana nusu ya mtaa humfuata yeye. Nimewaza hadi chai ikapoa. Kisha jibu likaja. Mkono haupandi? Basi kichwa kishuke! Jikoni kuna kigoda cha mke wangu. Hatagundua.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeaga kwamba naenda kliniki. Nimeenda saluni, kigoda ndani ya mfuko.
Mwalimu aliuliza kama kiti kimeharibika. Nikamwambia huu ndio mtindo mpya. Akakaa, magoti yakamfika masikioni. Kwenye kioo hakujiona, aliona ukuta tu. Afadhali. Bega lilikwama, mashine ikapita juu ya sikio ikaacha barabara. Nikapanua kidogo, ili ionekane ni makusudi. Ikazidi.
Kuinuka akashindwa. Kifua akamkamata makwapani akamsimamisha. Hapo ndipo Mwalimu alipojiona. Akahamia kiti cha pili, Kifua akanyoa kichwa chote.
Mlango ukafunguka. Mke wangu! Alikuwa anaulizia kigoda chake mtaa mzima. Alinitazama, akakichukua, akaondoka nacho. Afadhali angenitukana. Nimeona aibu hadi miguuni.

Ijumaa, 7 Juni
Mke hasemi na mimi. Ananichua bega kwa dawa, lakini kwa hasira. Nimekwenda kliniki kweli. Dada wa mazoezi amenipa mpira wa kuvuta, kisha akaniambia nipandishe vidole ukutani taratibu. Mtu mzima, natambaza vidole ukutani. Nimechoka na bega, nimechoka na ukuta, nimejichoka mwenyewe.

Jumamosi, 29 Juni
Umefika! Mkono umefika utosini! Na kana kwamba amesikia, Mwalimu ameingia, akakaa kwenye kiti changu bila kuulizwa. Amesema Kifua ananyoa vizuri ila haongei, na yeye kunyolewa kimyakimya hawezi. Machozi yalinilenga. Nikasingizia poda.
Mke naye ameanza kunisemesha. Ameniapisha nisiguse tena vyuma kwa mkono huu. Nimeapa kwa moyo mmoja.
Jioni nimemuuliza Kifua ananyanyua vyuma vya uzito gani. Ameshangaa. Amesema hajawahi kuvigusa, kwao wote wamezaliwa hivyo, hata shangazi yake.
Muongo mkubwa! Anaficha siri.
Nimefikiri sana. Daktari alikataza kwa sababu ya bega la kulia, na mke ameniapisha mkono wa kulia. La kushoto hakuna aliyelitaja. Naanza kesho, mke akienda sokoni. Kigoda nitakihamishia saluni mapema, kwa tahadhari tu.