Kitufe Kisicho na Jina

4 Machi, Jumatatu
Maandishi ya rimoti yamefutika yote. Aibu! Nimekata plasta ya vidonda vipande vipande, nikaandika kwa wino mweusi: WASHA, ONGEZA, PUNGUZA. Chini kabisa kimebaki kitufe nisichojua kazi yake. Mke wangu amesema nikiache kama kilivyo. Nikiache? Nimefundisha miaka thelathini na minne. Sijapata kuacha pengo bila jibu. Nimekiita KIMYA.

Nimekibonyeza. Televisheni haikujali. Ila bomba la jikoni linamwaga maji bila sauti.

5 Machi, Jumanne
Jumamosi binti yangu anaolewa, nami baba yake nitahutubu. Shemeji, kaka wa mke wangu, amekuja na begi na maoni. Eti sauti yangu imeisha chaji, bwana shemeji, nimwachie yeye hotuba. Akaanza mazoezi sebuleni. Nikamwelekezea rimoti, nikabonyeza. Midomo ikaendelea, neno halikutoka. Debe tupu limeacha kuvuma!

7 Machi, Alhamisi
Mke wangu amenuna. Kaka yake hali, hasemi, na yeye anauona mkono wangu humo. Nimeapa sijui lolote. Shemeji amenisihi kwa barua. Nimemrudishia: makosa sita, wino mwekundu.

Jogoo wa jirani amepanda ukutani, akapanua mdomo. Kimya.

8 Machi, Ijumaa
Mke wangu amenibana nimfungue Shemeji. Nikabonyeza. Bila miwani! Rimoti nilikuwa nimeishika kinyume. Jicho la rimoti lilinitazama mimi. Nikataka kulalamika: hewa tupu. Shemeji ndiye aliyepata kusema. Akashukuru kwa sauti yangu. Ile ile, pamoja na kikohozi changu.

9 Machi, Jumamosi
Harusi. Shemeji ametoa hotuba yangu, neno kwa neno, akitua pale pale nilipopanga kutua. Karatasi sikupata kumwonyesha. Ilikuwa mfukoni mwangu. Binti yangu amelia, akamkumbatia, akamwita Baba. Nilikaa hatua tatu kutoka kwao. Hakuna aliyegeuka.

10 Machi, Jumapili
Nimetafakari. Kosa lilikuwa moja tu: miwani.

Ubavuni mwa simu ya Shemeji kuna kitufe kisicho na maandishi. Plasta nimekwisha kuikata. Nitaandika RUDISHA, kwa herufi kubwa.

Mke wangu amesimama mlangoni, mikono juu, midomo inakwenda mbio. Nimekwisha kumbonyezea KIMYA, safari hii na miwani; simsikii hata kidogo. Nadhani, hatimaye, ananiunga mkono.