Matundu Manane ya Mzee Manyanda

Jumatatu, 1 Desemba 1997

Mvua. Banda la gereji linavuja juu ya benchi langu tu. Kwa Cletus, fundi mwenzangu, pakavu.

Mzee Kassiani, bosi wetu, katangaza leo kwamba baada ya Krismasi anarudi kwao Ufipa kulima. Gereji atamwachia mmoja wetu, mimi au Cletus, yule atakayefanya kazi ya kuaminika mwezi huu. Scola, mke wangu, yuko kwa mama yake Magamba tangu Septemba. Aliondoka akisema atarudi siku nitakapokuwa na banda langu mwenyewe. Basi ndiyo hiyo. Gereji kwanza, halafu Scola.

Mchana kaja Mzee Manyanda, mfugaji, na pikapu yake. Mvua inapiga bati, mdomo wake umejaa karanga. Kasema niyazibe yale matundu manane ya kuchomekea miti, yaliyo juu ya kingo za bodi la nyuma. Niyazibe! Miaka sita naota kazi hii. Niliwahi kuona kwenye gazeti picha ya pikapu ya Dar, kingo nyororo kama sabuni, hakuna tundu, hakuna ndoano. Cletus kadai yeye kasikia "uyazibue". Eti nikamuulize tena mwenyewe. Nimemjibu kuwa fundi mzima haulizi mara mbili. Wivu tu.

Jumatano, 3 Desemba

Nimemwondoa Cletus. Nimemwambia Mzee Kassiani anamtaka akasubiri stesheni, kuna puti ya kulainishia bodi inakuja na treni. Treni yenyewe haijaonekana wiki nzima, maji yamesomba reli huko njiani. Kaenda!

Nimekata vipande vya mfuniko wa pipa, nimevichomelea juu ya matundu yote manane. Yalikuwa yamejaa udongo, sikujisumbua kuutoa. Ndoano za kufungia kamba nazo nimezikata. Mzee Manyanda hakuagiza, lakini angekuwa na jicho kama langu angeagiza.

Puti imebaki robo tini. Nimeichanganya na unga wa muhogo. Imeongezeka vizuri mno.

Jioni Cletus karudi. Puti hakuna, lakini huko stesheni kakutana na mfanyabiashara na kupewa kazi ya milango miwili ya lori. Mzee Kassiani kampa mkono. Mimi hakunitazama.

Alhamisi, 4 Desemba

Haikauki. Siku nzima nimeipepea kwa mfuniko wa sufuria. Nimekwenda kula, narudi nakuta kuku wa Salima jirani wamepanda juu ya pikapu, wanadonoa ukingo wote wa kushoto. Nimewafukuza, Salima kanitukana mimi. Nimelala bila hamu ya kula.

Jumamosi, 6 Desemba

Jua! Kwa saa nne tu, lakini linatosha. Nimepiga msasa mpaka vidole vikatoka damu, kisha rangi. Ni nzuri. Nasema kweli, ni nzuri. Nimepitisha kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna mahali kiliposimama. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi maishani mwangu, na nilikuwa peke yangu.

Nimempa ujumbe Immaculata, anayeleta nyanya sokoni kutoka Magamba. Amwambie Scola aje Jumanne aone.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Sitaki kuandika, lakini naandika.

Scola kaja, na mama yake, wote na kanga mpya. Mzee Kassiani kavaa koti. Kisha kafika Mzee Manyanda na wapwa zake, wamebeba miti minane iliyochongwa ncha. Nyuma yao ng'ombe wa mahari ya mwanawe, Luhende. Mto umefurika, ng'ombe hawawezi kwenda kwa miguu, na wakwe wanasubiri leo. Miti ilikuwa ya kuchomeka kwenye matundu, ng'ombe wasidondoke.

Mzee Manyanda akapapasa kingo kwa vidole, taratibu, upande huu, kisha ule. Akaniuliza matundu yake yako wapi. Nikamwambia nimeyaziba kama alivyoagiza. Akasema, bila hata kupaza sauti, "Nilisema uyazibue, fundi. Yalijaa udongo." Afadhali angenipiga.

Wapwa wakajaribu kuzungusha kamba. Ikateleza. Kila mara ikateleza, jinsi nilivyolainisha! Cletus akaleta tindo na nyundo. Kufika saa sita matundu manane yako wazi, udongo umetolewa, na puti yangu iko chini vipande vipande. Kuku wamerudi.

Mzee Kassiani kampa Cletus funguo palepale, mbele ya watu.

Nikamfuata Scola hadi barabarani. Nikamweleza kuhusu mvua, bati na karanga. Akasema miaka tisa anaongea na mimi, na miaka tisa namsikia nusu, nusu nyingine najijazia mwenyewe. Alikuwa analia. Mama mkwe akamshika mkono wakaondoka. Nimeumia sana leo.

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua tena. Immaculata kapita na tenga la nyanya kichwani, ana ujumbe kutoka kwa Scola. Kausema akiwa barabarani huku akikimbia mvua, na mashine ya kusaga ya jirani inanguruma. "Scola anasema usimfuate." Au "umfuate". Kageuka, kauliza kama nimesikia. Nimemjibu nimesikia vizuri sana.

Nimelitafakari mchana kutwa. Immaculata ana pengo la meno ya mbele, ile "si" ni upepo tu umepita. Mwanamke hawezi kumtuma mtu kutoka Magamba hadi Mpanda kwenye mvua aje kusema usimfuate. Ni "umfuate".

Shati nimelipiga pasi. Kesho alfajiri naenda kumchukua mke wangu.