Kuku Aliyevaa Sare

Alhamisi, 4 Julai
Mnada wa mavuno kanisani ni Jumapili. Mwaka jana boga langu lilikosa mteja. Silvester, mume wangu, akalinunua mwenyewe, tukarudi nalo Ipogolo watu wanatuona. Aibu! Kitambaa cha jirani yangu Eveline kiligombaniwa na wazee wa kanisa. Mwaka huu hapana. Natengeneza picha: kuku na vifaranga, vipande vya vitenge na makaratasi ya majani ya chai, vyote vimebanwa juu ya karatasi ngumu kwa gamu ya mafundi cherehani, ile inayoyeyuka kwa pasi. Eveline atakoma.

Ijumaa, 5 Julai
Gamu nimeigeuza juu chini. Kuku kaondoka na pasi! Kaungua. Tumpe wangu kacheka mpaka mdogo wake kaamka. Nikamwambia mama akiwa kazini hachekwi. Halafu nikamfuta makamasi, nikampa mkasi akate kifaranga. Kimetoka chura. Nimekibandika hivyo hivyo. Mwanangu huyo.

Jumamosi, 6 Julai
Kitambaa kimeisha. Ila gauni langu la sare ya kina mama wa kanisa lina pindo refu bila sababu. Nimelikata. Kuku mpya kapendeza! Gamu matabaka matatu, asinitie aibu tena. Silvester kauliza mbona sare imepanda magotini. Nikamjibu ni baridi, hata nguo zinajikunyata.

Jumapili, 7 Julai
Mzee Liberatus, mnadishaji wetu, kamwinua kuku, katangaza kwamba huyu ni kina mama kamili, sare anayo, bado ada tu. Kanisa zima likageukia magoti yangu. Bei hakuna. Silvester akaanza kunyanyua mkono, nikamfinya. Mara Eveline! Kamchukua yeye! Eti, Mama Tumpe, huyu nina pa kumweka. Sebuleni, bila shaka. Nimelala nacheka.

Jumatatu, 8 Julai
Eveline kaja mlangoni na sufuria. Kumbe alimweka mezani, chini ya sufuria ya makande ya moto, mbele ya mama mkwe wake kutoka Nyololo. Kunyanyua sufuria, kuku naye huyo, kang'ang'ania kitako! Kwenye karatasi kabaki chura peke yake. Kasugua kwa mchanga, wapi. Kasema mwakani nilete boga.

Nimempa pole. Wivu tu huo.

Gamu inayoshika sufuria! Mwakani bata mzinga. Suruali ya harusi ya Silvester nayo ina pindo zuri.