Mama Mkwe wa Kisimani

Jumatatu, 5 Septemba 1955. Embu, Majengo.

Leo nimemshinda Njagi karani. Alhamdulillahi! Nilikuwa nimepeleka maini ofisini kwa Bwana Maji, Mzungu wa idara ya maji, nikakuta mashine mpya juu ya meza. Ni ya kuzamishwa ndani ya kisima kirefu, kule kijiji cha uzio karibu na Gachoka. Kila kipande kina jina la Kizungu. Bwana Maji anataka majina ya Kiswahili, ili mtunzaji wa kule aelewe akiamriwa. Mwenye majina mazuri atakuwa msimamizi.

Njagi, mtu wa misheni, akasoma yake: "kiendeshi cha umeme kizamacho majini." Bwana Maji alipiga miayo. Mimi, muuza matumbo, nikaomba ruhusa. Bomba la kupandisha maji: shingo. Chujio la kuzuia mchanga: meno. Mapanga yanayozunguka na kusukuma maji juu: vijana wa kazi. Vali isiyokubali maji yarudi: askari wa kafyu. Na mota yenyewe, iliyo chini kabisa, haionekani, lakini bila yake nyumba haiendi: mama mkwe. Bwana Maji alicheka mpaka akafuta macho. Kazi ni yangu. Njagi alinung'unika kwamba Wambeere hawatalipenda jina hilo. Wivu tu.

Sikuitafuta kazi hii kwa sifa. Nautafuta mwili wa Igoki kitandani kwangu. Mke wangu alikwenda Mbeere kumsalimia mamake, kijiji hichohicho kikazungushiwa mtaro na miba kwa amri ya serikali, naye akaandikwa wa kule. Hatoki bila pasi. Bwana Maji ameahidi kwamba maji yakitoka vizuri mpaka siku ya ukaguzi, tarehe 19, atamwombea Igoki pasi ya kuja Embu.

Jumatano, 7 Septemba. Kijijini.

Jenereta imenguruma, maji yametoka! Wanawake walipiga vigelegele, hata mahomugadi, walinzi wa serikali, wakasahau kuwakataza. Hakuna tena kwenda mtoni kwa kusindikizwa na bunduki. Igoki alinitazama kama siku ya nikahi.

Mamake, Mama Wambeti, aliponiona alipinda njia na debe lake, akapita nyuma ya nyumba. Kwao mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Mimi mtu wa Majengo mambo haya yananichekesha. Nilimpungia mkono. Igoki alinikaripia hadharani.

Mtunzaji ni Nthiga, Mmbeere wa makamo, mpole. Ameyashika majina yote mara moja. Nani kama mimi?

Jumatatu, 12 Septemba.

Maji yamepungua na yana mchanga. Dawa naijua: meno yameziba. Tuivute mashine juu kwa winchi, tuisafishe, tuirudishe. Nthiga amekataa kushika winchi. Akaniambia taratibu, "Mama mkwe akitoka kwa maji, mwanaume anapisha njia. Mimi hapana weza simama hapo naangalia."

Nilimwambia ni chuma. Akasema anajua ni chuma. Lakini nani alikipa jina?

Jumanne, 13 Septemba.

Nimepata hila. Nimeazima kanga ya Igoki, nikamwambia Nthiga nitaifunika mota mara tu itakapochungulia, heshima isivunjike. Ndipo nikaharibu kabisa. Nthiga alisema mwenye kuvishwa nguo si chuma tena. Akaondoka. Wanaume wengine waliokuwa tayari kusaidia wakaondoka naye, mmoja mmoja, wakiangalia chini. Winchi ile haizungushwi na mtu mmoja. Nilijaribu. Mgongo umeniuma mpaka sasa.

Njagi alipita na lori la ofisi. Alinishauri nikusanye watu nitangaze kwamba jina limefutwa, mota iitwe mota. Yaani nikubali mbele ya kijiji kizima kwamba Njagi alisema kweli! Nimekataa. Siku ya ukaguzi imekaribia. Nitaiwasha mashine asubuhi mpaka jioni, hayo maji kidogo yajaze tangi.

Alhamisi, 15 Septemba.

Mota imeungua. Inapozwa na maji yaleyale inayoyavuta. Maji yakiwa haba, inajichoma yenyewe. Hili nilifundishwa Embu. Wakati nikifundishwa, nilikuwa nafikiria jina la askari wa kafyu, jinsi lilivyokaa vizuri.

Wanawake wamerudishwa mtoni, saa moja kwa siku, homugadi mbele na nyuma. Mto umebaki madimbwi. Ng'ombe wa kambi ya mahomugadi hunywa hapohapo. Igoki alipita na debe bila kugeuka.

Jumatatu, 19 Septemba.

Bwana Maji amekagua kisima kisichotoa hata tone. Aliuliza ni nani ameua mashine. Nilisema mchanga. Mota nyingine itatoka Nairobi, Mungu akipenda. Pasi sikuthubutu kuitaja. Mama Wambeti anaharisha tangu jana, na wazee wengine pia.

Alhamisi, 22 Septemba.

Mama Wambeti hawezi kuinuka. Nimeleta chai na sukari kutoka Gachoka. Sikuruhusiwa kuingia. Nilisimama nje, upande wa pili wa ukuta wa udongo, sioni kitu. Nikamsikia anamwuliza Igoki kwa sauti ndogo kama mimi nimekula. Igoki akamwambia nimekula. Sikuwa nimekula. Nilienda nyuma ya tangi nikalia kama mtoto.

Jumamosi, 24 Septemba.

Innalillahi. Mama Wambeti ametutoka alfajiri. Amezikwa nje ya mtaro, mahomugadi wakiharakisha watu. Sijawahi kumwona uso hata mara moja. Nthiga ndiye aliyechimba kaburi, bila kuombwa.

Jumanne, 27 Septemba.

Bwana Maji alisikia habari za msiba, akaona huruma. Amemwombea Igoki pasi, nayo imetiwa sahihi. Nilikimbia nayo mpaka mlangoni kwa Igoki. Aliisoma, akanirudishia. Alisema nimpe mtu mwenye mahali pa kwenda. Nilimwuliza mimi si mahali? Akaniambia, bila hasira, kwamba mamake alikunywa maji ya ng'ombe kwa ajili ya jina nililoona aibu kulifuta. Kisha akachukua debe, akajiunga na wenzake wa mtoni.

Moyo wangu umevunjika, nauandika ulivyo. Sijui nitalalaje katika nyumba ile ya Majengo.

Lakini mota mpya inafika Ijumaa. Nimewaza sana leo. Kosa langu lilikuwa moja tu: jina lilikuwa la mzaha. Watu hawa humpa mtoto jina la nyanya yake, wakafurahi. Basi mota mpya itaitwa Wambeti. Nitamwomba Nthiga aishushe kisimani kwa heshima zote, mbele ya kijiji kizima. Igoki akisikia, atarudi.